Kadi Nyekundu na Lambo la Kwamsisi

Kilole, Korogwe
Baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Zaina,

Mama yako amekwisha kukueleza habari za sabuni, za blanketi, na za kutoachana na wenzako mtakapobadili basi Morogoro. Kwa kuwa yeye hueleza jambo mara tatu, mimi sitathubutu kulieleza mara ya nne. Barua hii haina maagizo. Ina jambo nililolifanya Jumamosi iliyopita, ambalo unalijua, na jambo jingine nililolifanya ulipokuwa na umri wa miaka sita, ambalo hulijui, ingawa umeliona kila siku humu ndani kwa macho yako. Nimetumia siku tano kutambua kwamba yote mawili ni jambo moja, nami ni mtu mwenye shahada ya hisabati.

Nianze na la Jumamosi. Niliingia chumbani kwako kutafuta rula. Daftari lako lenye jalada la buluu lilikuwa limefunguliwa kitandani, na kalamu juu yake. Ungeniuliza kwa nini sikuchukua rula nikatoka, ningekujibu kwamba niliona ukurasa umegawanywa kwa mstari ulionyooka sana, na mimi ni mwalimu wa hisabati, mstari ulionyooka huniita. Kushoto kwa mstari uliandika "Kubaki". Kulia uliandika "Kwenda". Chini ya Kubaki palikuwa na mambo sita. Chini ya Kwenda hapakuwa na kitu.

Unakumbuka yaliyofuata. Nilikuita mbele ya mama yako na bibi yako, daftari likiwa mkononi mwangu kama kielelezo cha mahakamani, nikauliza ni mtoto gani huyu anayepewa nafasi ya sekondari ambayo wasichana wengi wa wilaya hii wameikosa, kisha anakaa kuandika sababu za kuikataa. Wewe ulisema maneno matatu tu.

"Baba, nilikuwa sijamaliza."

Nikakujibu, "Kumaliza nini?" Ukachukua ndoo ukatoka. Tangu hapo umeniamkia kila asubuhi kwa heshima zote, umenijibu "ndiyo, baba" na "hapana, baba", na zaidi ya hayo hujasema neno. Daftari nililifungia mezani kwangu.

Lakini maneno yako matatu hayakukubali kufungiwa. Nilikuwa nimewahi kuyasikia, karibu hayo hayo, kutoka kwa mtu mwingine, katika chumba chenye baridi kali kuliko chumba chochote nilichopata kuingia.

Unajua kwamba kabla ya kurudi kufundisha hapa Korogwe nilifanya kazi Dar es Salaam, katika ofisi iliyokuwa na kompyuta. Hujui zaidi ya hapo kwa sababu sikupenda kueleza. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikwisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaoa, nikakupata wewe, nikaenda chuo kikuu nikiwa mtu mzima, nikahitimu. Nilikuwa na shahada mpya na suruali mbili. Nchi ilikuwa katika pilikapilika za kujenga vijiji vya Ujamaa, na sisi wahitimu tuliambiwa kwamba taifa linatusubiri. Mimi niliamini kwamba linanisubiri mimi hasa.

Mashine ile ilijaza chumba kizima. Ilihitaji ubaridi, kwa hiyo tuliokuwa tukiihudumia tulivaa masweta katikati ya joto la Dar es Salaam. Vipooza hewa vilidondosha maji nje, ukutani, tone kwa tone, katika ndoo, na kila jioni mfagizi alimwagia maua maji hayo. Mtu aliyelelewa kijijini kwetu Kwamsisi, kwenye shida ya maji, hawezi kuyapita maji yaliyo kwenye ndoo bila kuyatazama. Kila siku niliyatazama.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili. Mashine haikufanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Ndani ya kumbukumbu yake, mahali inapoweka kila inachokifikiri, ziliweza kukaa programu tatu au nne pamoja, kila moja na kazi yake, kama wapangaji katika nyumba moja. Moja inapanga orodha ya watumishi, nyingine inajumlisha mavuno, nyingine inachora jedwali. Baina yao kulikuwa na kuta. Kuta zenyewe hazikuwa za tofali. Zilikuwa namba mbili tu, moja ya kusema chumba chako kinaanzia hapa, nyingine ya kusema kinaishia pale. Programu iliyojaribu kusoma hata neno moja nje ya mipaka yake ilisimamishwa papo hapo, na taipureta ya mwendeshaji ikapiga jina lake mbele ya watu wote. Najua hivyo kwa sababu nilijaribu wiki yangu ya kwanza. Waliokuwa chumbani waliangua kicheko, na mmoja akaniuliza kama kwetu ndivyo tunavyobisha hodi.

Lakini mwanangu, fikiria. Programu yangu ilikuwa inahesabu, na upande wa pili wa mpaka, katika kumbukumbu ile ile, nyingine ilikuwa inahesabu jambo lake. Haijui kwamba mimi nipo. Ina nini moyoni saa hii? Imefika wapi? Swali hilo lilinikaa kichwani wakati wa kula na wakati wa kutembea. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua tu, na hamu ya kujua ni kitu kitamu sana, sitakuficha.

Njia ilikuwapo, na ilikuwa halali. Mkuu wetu alikuwa Bwana Shekiondo, Msambaa wa milimani, mtu mpole aliyekunywa chai bila sukari na asiyepandisha sauti. Katika mtoto wa meza yake alikuwa na kadi moja nyekundu. Sisi programu zetu tuliziandika kwa kutoboa matundu katika kadi za rangi ya maziwa, kisha mashine ikazisoma moja moja. Ukiitanguliza ile kadi nyekundu mbele ya kadi zako, msimamizi wa mashine, ambaye naye ni programu, aliifungulia programu yako mlango wa kusoma kumbukumbu ya jirani. Kusoma tu, kubadilisha hapana. Ilitumiwa pale programu inapokwama, ili fundi aone imekwamia wapi, na kila aliyeitumia aliandika katika kitabu jina lake na sababu yake. Niliomba niandike programu bora zaidi ya kusomea. Bwana Shekiondo aliridhia, akanipa programu nyingine ya majaribio niisome, na yangu ilipofanya kazi alisema tu, "Mkono wako ni mzuri, Bwana Mgaza." Nilitembea na sentensi hiyo kwa juma zima.

Wakati huo kulikuwa na kazi ya visima. Fomu zilikuwa zimekusanywa kutoka vijiji vingi, vya Handeni, vya Korogwe na vya mbali zaidi: watu wangapi, maji yako umbali gani, lambo lina hali gani. Programu moja ilipewa kazi ya kuvipanga vijiji kwa kadiri ya shida yao, na vijiji kumi vya juu vingechimbiwa kisima mwaka ule. Mimi ndiye niliyekuwa nimevipa vijiji hivyo namba. Namba ya Kwamsisi niliijua kama jina langu.

Siku moja, saa saba mchana, Bwana Shekiondo alikwenda kula. Programu ya visima ilikuwa inakwenda. Nilifungua mtoto wa meza yake, nikatoa kadi nyekundu, na kitabu sikukiandika.

Karatasi ilitoka imejaa namba zile za mashine, ambazo hazijui nane wala tisa, kwa maana hesabu yake huishia saba kisha huanza upya. Nilikaa nazo kwenye kona na penseli, nikizigeuza moja moja ziwe hesabu ya watu. Nilipofika mstari wa nne, niliiona namba ya kwetu. Kwamsisi ilikuwa ya nne. Nilijisikia kama mtu aliyesimama nje ya mlango akasikia ndani wanamtaja kwa wema.

Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa nikapanda treni hadi Korogwe, nikachukua basi hadi Handeni, kisha lori la mahindi, na sehemu iliyobaki nikaitembea. Wewe na mama yako mlikuwa mnaishi kwa bibi yako wakati ule. Nafikiri unakumbuka nilikuletea viatu vilivyokubana.

Sasa sikiliza kuhusu lambo. Bwawa lile limechimbwa kwa majembe na wazee wetu, na kila mwaka mvua huliletea tope. Kwa hiyo kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kwisha na kabla ya vuli, kijiji kizima hufanya msaragambo, kazi ya pamoja ya siku tatu. Wanaume hushuka kulifukua tope, wanawake hulibeba kwa makarai, watoto huimba na kuchafuka. Lambo lililofukuliwa huwafikisha watu kwenye masika. Lisilofukuliwa huwa sinia tu. Hujaa upesi na hukauka upesi. Mimi nilifika siku moja kabla ya msaragambo. Bibi yako alikuwa uani, anafunga kamba kwenye mpini wa jembe.

Nikamwamkia, kisha nikamwambia aache hilo jembe, kisima kinakuja.

"Nani amekuambia?"

Nikasema nimeona mwenyewe, ndani ya mashine. Akauliza kama wameshaamua. Hapo, mwanangu, ndipo ningeweza kusema sijui. Badala yake nilisema mashine haisemi uongo. Akaliegemeza jembe ukutani, kwa kuwa mimi ni mwanawe na nimesoma.

Jioni ile mkutano wa kijiji ulinipa nafasi ya kusema. Nilisimama na sweta langu la Dar es Salaam. Nilitumia neno "kitaalamu" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza, "Na hiyo mashine ikikohoa?" Watu wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Mwenyekiti akasema hakuna haja ya kuvunja migongo kwa ajili ya tope wakati kisima kiko njiani. Siku tatu zile zitumike kusafisha shamba la ujamaa. Hakuna aliyepinga. Nani anapenda tope?

Orodha ya mwisho ilitoka baada ya wiki tatu. Kwamsisi haikuwamo katika kumi. Ilikuwa ya kumi na tisa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Shekiondo nikiwa nimekasirika, nikamwambia mashine imekosea. Akauliza nimejuaje. Nikasema niliiona Kwamsisi ikiwa ya nne. Akauliza niliiona wapi. Nikafungua kinywa, na kabla sijajibu tuliangalia sote wawili mtoto wa meza yake.

Hakunifokea. Alikwenda kuchukua trei za kadi za visima, akaniambia tuirudie kazi yote tangu mwanzo, na safari hii niisome kumbukumbu yake kwa idhini, si mara moja bali mara kumi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliniandikisha kitabuni kwanza. Karatasi kumi zilipotoka tulizitandaza sakafuni kwa mpangilio, nami nikapiga magoti na penseli yangu.

Katika karatasi ya kwanza Kwamsisi ilikuwa ya pili. Katika iliyofuata, ya nne. Kisha ya nne tena, kisha ya saba. Ikashuka, ikatulia, ikashuka tena. Kadi za Handeni zilikuwa katika trei ya kwanza. Nilipochungulia mara ile, programu ilikuwa imevisoma vijiji vya kwetu na vichache vya majirani; ilikuwa haijafika kwa wale wanaotembea nusu siku kufuata maji. Kila trei ilipoingia, iliwaweka hao mahali pao na kutusogeza sisi chini. Hakukuwa na namba hata moja ya uongo katika karatasi niliyoisoma. Zote zilikuwa za kweli, na jibu nililolichukua humo halikuwa la kweli.

Bwana Shekiondo alisimama juu yangu na kikombe chake. "Bwana Mgaza," akasema, "programu ile ilikuwa haijamaliza. Wewe ulikwenda na mawazo yake ukayaita uamuzi."

Nitakukiria jambo ambalo sijapata kumkiria mtu. Saa ile sikuwa na huzuni. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nikikifuata kijiji changu kinavyopanda na kushuka ndani ya akili ya kitu kingine, nami nikawaza kwamba hakuna mtu wa Kwamsisi aliyepata kuona jambo kama hili. Hamu yangu ilishiba siku ile. Watu wa Kwamsisi walikuwa bado wanangoja kisima.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu hasa, Zaina. Kuchungulia lilikuwa dogo. Siku orodha ilipotoka, mvua za vuli zilikuwa bado hazijaanza. Zilianza baada ya wiki mbili. Wiki mbili zilitosha kulifukua lambo mara nne. Ningepanda treni siku ile ile na kusimama tena mbele ya mkutano, bila sweta na bila neno "kitaalamu", nikasema nimekosea, chukueni majembe. Sikufanya hivyo. Nilijiambia huenda orodha itarekebishwa. Nilijiambia nitaandika barua, nikaiandika, nikaichana kwa kuwa mwandiko haukunipendeza. Yule mzee aliyeuliza juu ya kukohoa nilimwona katika ndoto. Kisha mvua ikanyesha, lambo likajaa maji mafupi juu ya tope la mwaka mzima, na maji yakishaingia hufukui tena.

Lilikauka mapema, masika ikiwa bado mbali. Wanawake wakawa wanakwenda korongoni, mwendo mrefu, kuchimba vishimo kwenye mchanga na kungoja maji yajikusanye. Njiani waliokuwa na hasira walimuuliza bibi yako, "Mama Mgaza, hayo maji ya kisima cha mwanao ni matamu?" Siku moja akipanda ukingo na mtungi kichwani, jiwe likamtoka chini ya mguu. Mtungi ulivunjika na mkono wake wa kulia ukavunjika.

Mkono ule, mwanangu. Kiganja kilichopinda, ambacho ulikuwa ukikishika mlipotembea barabarani hapa Kilole, ambacho hakiwezi kufunga kanga wala kukamua nazi. Uliambiwa bibi alianguka, na ni kweli alianguka. Ndiyo sababu niliwaleta nyote, yeye nanyi, hapa Kilole, na ndiyo sababu niliiacha ofisi ile na kuomba kufundisha hapa. Nilikuwa nikisema nimerudi kwa ajili ya kuupenda mkoa wangu.

Nilipomwendea alikuwa amekaa mkekani, mkono umefungwa kwa vijiti na mganga wa mifupa. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo.

"Marahaba. Sema."

Nikasema yote, kadi nyekundu, trei, karatasi kumi, wiki mbili. Alisikiliza bila kunikatiza, na unamjua bibi yako, alichouliza kwanza sicho nilichokingoja. Aliuliza, "Hicho kitu, kilijua kwamba unakitazama?"

Nikasema hakikujua.

"Ukikuta chungu cha mwenzio kiko mekoni, hukifunui. Wala humo hamna siri. Ni kwamba hakijaiva, na mvuke ukishatoka haurudi." Kisha akasema, "La chungu nimekusamehe, ulikuwa na njaa ya kujua. La kunyamaza utalifukua mwenyewe."

Basi sasa unajua kwa nini kila mwaka, mwisho wa kiangazi, mimi huchukua jembe na kupanda basi la Handeni, na hurudi baada ya siku nne nina tope hadi masikioni. Wewe na mama yako mmekuwa mkinitania kwamba mhitimu anakwenda kuoga matope ya kwao. Sijakosa hata mwaka mmoja. Miaka miwili ya kwanza hakuna aliyezungumza nami lamboni. Mwaka wa tatu yule mzee alinipa karai akaniuliza kama nimepona kikohozi. Kisima chenyewe kilichimbwa baadaye, zamu yao ilipofika. Lambo wanalifukua hata hivyo.

Sasa nirudi kwenye daftari lako. Jambo la sita chini ya Kubaki uliandika "Mkono wa bibi." Nililisoma, na hasira yangu yote ilitoka hapo. Nilipayuka habari za nafasi na taifa, kumbe nilichokiona ni kosa langu la miaka minane limekaa katika ukurasa wa mwanangu, limemshika sketi asiende. Sikuweza kulikasirikia lenyewe, nikakukasirikia wewe.

Kabla ya kuanza barua hii nilitoka uani nikamwambia bibi yako kwamba nitakueleza habari ya mkono. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo kwa mkono wa kushoto. Akasema imechelewa lakini haijachacha. Kisha akasema, "Mwambie mke mwenzangu huu mkono haukuvunjika ili awe na kitu cha kubaki nacho. Akiutaka autazame likizo. Na nywele zangu atasuka mama yake, ingawa anavuta kama anang'oa magugu." Mama yako alisikia kutoka jikoni, na sasa wamenuniana kwa ajili ya kichwa cha bibi. Nimewaacha.

Huko bwenini utalala chumba kimoja na wasichana wengi. Mpaka kati ya kitanda na kitanda utakuwa mwembamba, na kila mmoja wao atakuwa na jambo analolipanga moyoni ambalo bado halijakaa mahali pake. Utatamani kujua, maana umerithi kwangu. Sitakuambia usitamani. Nitakueleza tu tulivyofanya pale ofisini baada ya visima. Tulitenga sehemu ndogo ya kumbukumbu ambayo programu mbili zote ziliruhusiwa kuifikia. Aliyemaliza kazi yake aliweka jibu pale, kisha akaandika moja mahali palipokuwa na sifuri. Tukaiita bendera. Mwenzake alitazama bendera tu. Iko chini, anaondoka. Anarudi, iko chini, anaondoka. Siku ya kwanza niliona ni upotevu wa muda, mashine nzima kungoja sifuri iwe moja. Baadaye nikawa napenda kuitazama ikingoja. Haikuchoka na haikuchungulia.

Daftari lako liko juu ya barua hii. Nimelifunga kwa uzi wa katani ili ulifungue mwenyewe; halijafunguliwa tena tangu Jumamosi. Kwa siku tano lilikuwa mezani kwangu na nimelitoa mara mbili nikalishika mkononi. Zaidi ya hapo sikufanya, lakini nakuambia kwa kuwa nimeshachoka kunyamaza. Upande wa Kwenda ni mtupu bado, kwa sababu nilikunyang'anya kabla hujafika huko. Nimekuwekea na penseli iliyochongwa.

Sanduku lako mama yako alilifunga jana akaliweka mlangoni mwa mbele. Nimelichukua nikalirudisha chumbani, karibu na kitanda chako. Anasema nimechanganyikiwa. Bibi yako anasema afadhali. Maliza hesabu yako, kadi zote, za kushoto na za kulia. Nafasi ile ukiiacha haitarudi, na ukibaki nitaumia, sitajifanya sitaumia. Lakini sitakuuliza mbele ya watu, wala sitafungua daftari, wala sitakusoma usoni wakati wa chai. Kesho basi likipiga honi nitatoka nitazame mlangoni tu. Kama sanduku lako lipo, umelitoa wewe, na nitalibeba hadi stendi kwa furaha yote niliyo nayo. Kama halipo, nitakwenda kufundisha vipindi vyangu vya asubuhi, na jioni tutakaa uani, nawe utaniambia ukipenda.

Sijui nitakuta nini. Natamani sana kujua.

Baba yako anayengoja,
Mgaza